Kamati ya Kuonja Bukari

Katika kambi ile ya wafanyakazi pale Kolwezi hapakuwa na ulimi ulioogopwa kama wa Mama Odile, wala hakuwa msengenyaji. Kazi ya ulimi wake ilikuwa nyingine. Mpe tonge moja la bukari, kile chakula cha unga ambacho wengine hukiita ugali, aligeuzegeuze mdomoni huku amefumba jicho moja, naye atakwambia ni nani aliyeisonga, kama maji yalichemka vya kutosha, na kama mpishi aliamka vibaya na mumewe. Msibani, ambapo wanawake ishirini hupika sufuria ishirini, alikuwa akipita na sahani yake na kusema, "Hii ni ya Tatiana," na Tatiana alikuwa akitafuta kitu cha kutazama kwa mbali. Watu walimwogopa, na kwa sababu walimwogopa walimwalika kila mahali.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba Odile alifika Kolwezi hajui hata kuchemsha maji. Ndoa ilimleta kutoka Manono, kaskazini mwa Katanga, akiwa na miaka kumi na saba. Mumewe Barnabé alikuwa karani wa bohari la kampuni ya migodi, mtu mwenye mwandiko mzuri na maoni machache. Wiki ya kwanza Barnabé alikula bukari mbichi bila kusema neno. Wiki ya pili aliumwa tumbo. Ndipo jirani wa nyumba ya kona, Kabedi, mke wa Kabongo, alipochungulia juu ya ukuta, akaona yaliyokuwa yakitendeka ndani ya sufuria ile, akaingia bila kubisha hodi na kumnyang'anya bibi harusi mwiko.

"Mutoto, unataka kumuua?" aliuliza.

Kuanzia siku hiyo Odile alimwita yaya, yaani dada mkubwa, na kwa miaka ishirini na mitatu wanawake hao wawili walipika karibu kila siku kwenye moto mmoja.

Kabedi alikuwa mtu wa Kasai, kwao Gandajika. Alikuwa mrefu, mkarimu kupita kiasi, na ungeweza kumtania juu ya jambo lolote akacheka, isipokuwa mapishi yake. Padri mmoja aliwahi kumwambia kwamba sombe yake, ile mboga ya majani ya mihogo, ilipungukiwa chumvi kidogo. Kabedi akahamia parokia ya pili, akasali huko mwaka mzima, kwa miguu, mvua ikinyesha.

Siku hizo kampuni ilikuwa bado baba na mama wa kila mtu. Kila mwezi ilimpa mfanyakazi gunia la unga wa mahindi, na kwa kuwa gunia lilikuwa la bure, watu wa makabila yote walikula mahindi hadi wakasahau kwamba babu zao walikula kitu kingine. Ni wachache tu, na Kabedi akiwa wa kwanza, waliojisumbua kununua mihogo mikavu sokoni, kuitwanga, na kuchanganya unga wake na ule wa gunia ili bukari iwe laini na ivutike. Wengine waliona ni kujipa kazi bure, ila kila walipoalikwa kwa Kabongo walifika mapema.

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mishahara ikachelewa, halafu ikaacha kuchelewa kwa sababu haikuja tena. Gunia nalo likakoma. Watu wakabaki na matumbo matupu na muda mwingi, na hakuna hali inayomfanya binadamu apende historia kama hiyo. Redioni wakubwa wa Katanga wakasema kwamba nchi hii ina wenyewe, na kwamba watu wa Kasai, ambao walikuja kwa treni enzi za mababu kufanya kazi migodini, sasa warudi walikotoka. Huo ulikuwa mwaka wa 1993. Vijana waliokuwa wamekula kwenye sahani moja na watoto wa Kasai wakaanza kuwaita wadudu.

Hapo ndipo kambi ilipogeuka chuo cha ukoo. Wanaume ambao kwa miaka thelathini walijitambulisha kwa cheo, mimi fundi daraja la pili, mimi dereva wa lori kubwa, sasa walijitambulisha kwa babu. Mzee Badibanga wa gereji, ambaye jina lake linanukia Kasai tangu herufi ya kwanza, alieleza kwa siku kumi mfululizo kwamba muuguzi alikosea kuliandika siku aliyozaliwa. Siku ya kumi na moja alipanda lori usiku na hakuaga mtu.

Na wageni, jamani. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga nyumba ya Mkasai walianza kuja kutoa pole. Walikaa, walishika shavu, walisema dunia imeharibika, na huku wanasikitika macho yao yalikuwa yanapima ukuta kwa ukuta. Mama mmoja aliomba maji ya kunywa mara tatu, ili kila mara friji ifunguliwe aone kama bado inatoa baridi. Aliondoka ameridhika, akimwombea mwenye friji safari njema kabla mwenye friji hajasema kwamba anasafiri.

Nyumba iliyopimwa kuliko zote ilikuwa ya kona, ya Kabongo, yenye baraza la bati na bomba la maji ndani ya jiko. Aliyeipima kuliko wote alikuwa Tata Kabemba, msimamizi wa gereji, mtu wa Sandoa, magharibi mwa Katanga, ambaye alijifanya mwenyekiti wa kamati ya wenyeji, iliyoandika nani ni Mkasai wa kuondoka, kwa njia rahisi: aliwahi kiti. Wenzake wanne waliokaa baada yake wakawa wajumbe. Barnabé, kwa ajili ya mwandiko, wakamfanya mwandishi. Yeye alifurahi sana, maana tangu bohari lifungwe hakuna aliyekuwa amemwomba aandike chochote.

Tabu ya kamati ilikuwa jina la Kabongo. Akina Kabongo wako pande zote mbili, kwa Waluba wa Katanga na kwa Waluba wa Kasai, na huyu Kabongo alizaliwa papo hapo Kolwezi, anasema Kiswahili cha Kolwezi, na kwa tabia alikuwa mtu wa maneno mawili kwa siku. Kabemba alimwendea kumuuliza kwao ni wapi.

"Kwetu ni nyumba kumi na ine," Kabongo alijibu. "Ile ya kwenye kona."

Wakarudi kikaoni. Walijadili pua, walijadili urefu, wakagundua kwamba mjumbe wa tatu ndiye mrefu kuliko wote, wakaacha. Ndipo Kabemba alipopata wazo, na kama mawazo yake mengi lilimjia akiwa na njaa. Mwanamume anaweza kudanganya, alisema, ila mkono wa mke wake hauwezi. Watu wa huku husonga bukari ya mahindi tupu. Watu wa Kasai hutia mihogo. Basi kila mke katika nyumba yenye shaka alete sufuria Jumapili baada ya misa, pamoja na mboga yake, na Mama Odile aonje. Wajumbe wote wakaafiki. Hawakuwa wameona mboga ya maana kwa miezi miwili.

Odile alipoambiwa alicheka kwanza. Yeye alijua kwamba kwao Manono bibi yake alitwanga mihogo maisha yake yote, na kwamba huo utamaduni wa mahindi tupu, wanaousema kana kwamba ulishuka na mababu, uliletwa na gunia la kampuni. Lakini hakuna aliyemuuliza, na aliyeombwa ulimi hatakiwi kutoa hotuba. Alikubali kwa sababu moja tu: kama yeye ndiye atakayesema, basi atasema Kabedi ni wa huku, na Kabedi atabaki. Tuseme ukweli, sababu zilikuwa mbili. Yeye pia hakuwa ameona samaki.

Jumamosi mchana alikwenda ukutani.

"Yaya, kesho uweke bunga ya mahindi tu," alisema. "Ya mihogo uiache."

"Mahindi tu? Nibapelekee batu uji ya kukauka?"

"Ni siku moja. Mi njo nitaonja. Nitasema ni ya huku, bon, inaisha."

Kabedi alikuwa anachambua majani ya mihogo. Hakuinua kichwa.

"Nimesikia," alisema.

Odile akaenda nyumbani na moyo mwepesi, akalala mchana kama mtu aliyemaliza kazi.

Jumapili uwanja wa Kabemba ulijaa. Mwenyekiti, ili kuonyesha haki, aliamuru mke wake aanze. Tatiana akaleta sufuria yake. Odile akaonja, akafumba jicho, akatoa kidonge kimoja kikavu mdomoni na kukiweka pembeni mwa sahani kwa adabu.

"Ya huku," alisema. "Hata mawe ya mugodi iko ndani."

Watu wakacheka, na Kabemba akacheka pia, ila kwa kuchelewa. Akaja Mama Rahima, mke wa Hamadi, Waislamu waliotoka mashariki zamani na sasa wanasafirisha mizigo. Rahima hakuleta bukari. Alileta wali wa nazi na maharage, akaweka chini, akasema kwao ndicho wanachopika na hajui kingine. Wajumbe wakatazamana. Kabemba aliuliza lori la Hamadi liko wapi, akaambiwa liko nje, linatembea vizuri, mafuta yamo. Kamati ikaamua kwamba wali hauko kwenye ajenda ya siku, na ikaula.

Wa tano alikuwa Kabedi. Alikuja polepole, amevaa kitenge cha Pasaka, sufuria imefunikwa kwa taulo jeupe. Kabongo alifuata nyuma amebeba sombe na kapenta, vile visamaki vidogo vikavu vya ziwani, vilivyokaangwa na nyanya. Taulo halijaondolewa bado Odile alishanusa mihogo. Ilikuwa bukari nyeupe, laini, haina hata alama ya mwiko, bora kuliko zote ambazo Kabedi alipata kupika katika miaka ishirini na mitatu. Alikuwa ameipika kwa ajili ya mashindano.

Odile alikata tonge, akalitia mdomoni, akafumba macho yote mawili ili asimwone yaya wake.

"Hii ni ya huku," alisema. "Ya huku kabisa."

Ulikuwa uongo wa kwanza ulimi ule kuusema juu ya chakula, na aliusema vizuri. Kabemba, ambaye alikuwa amejiandaa kubisha, akakata tonge lake ili apate la kubishia. Akatafuna. Akakata jingine. Akaacha kutazama watu, na macho yake yakaanza kung'aa.

"Bukari hii mi naijua," alisema, mdomo umejaa. "Njo hii mama yangu alikuwa anapika kule Sandoa, nikiwa mutoto. Batu ya Kasai habawezi kusonga hivi. Huu ni mukono wa batu ya kwetu. Barnabé, andika: nyumba ya kona ni ya benyeji."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa, mikono ikiwa sufuriani. Ilikuwa imekwisha. Nyumba imepona, mwenyekiti mwenyewe ameipoteza kwa hiari yake, na hata hakuonekana kujuta. Odile akajichotea kapenta kwenye sahani yake.

Kabedi hakuondoka. Alisimama pale pale, mikono ameikunja kifuani.

"Tata Kabemba, na heshima yote," alisema. "Mama yako haingii mu sufuria yangu. Hii ni nusu mahindi, nusu mihogo, na mihogo nilitwanga mi mwenyewe jana. Mama yangu njo alinionesha, kule Gandajika, na yeye alioneshwa na mama yake. Ni mukono wangu. Hauko wa mutu mwingine."

Mjumbe wa tatu alibaki na tonge katikati ya sahani na mdomo, hajui alipeleke wapi.

Mwenyekiti alikuwa na jambo rahisi la kusema. Alikuwa amelisema robo yake tayari. Angesema kwamba kumbe na Sandoa watu hula mihogo, jambo ambalo kila mtu uwanjani alilijua, kwamba basi kipimo chao hakina maana, na kwamba kila mtu aende nyumbani. Lakini kuonekana amekosea mbele ya wajumbe wanne na wake zao, hilo lilimshinda. Ilikuwa rahisi kwake kuifukuza familia moja. Alimeza.

"Andika," alimwambia Barnabé. "Kabedi, wa Kasai. Na bwana yake, na batoto."

Kisha akakata tonge jingine.

Odile alisimama hata sahani ikaanguka. Aliwaambia kwamba kama ni hivyo waandike na jina lake, maana mkono wake ni wa Kabedi, hajui kusonga kwingine, amesahau hata mapishi ya Manono. Waandike Tatiana, aliyejifunza kwa Kabedi naye, ingawa hakujifunza vizuri. Waandike mke wa mjumbe wa pili, mke wa mjumbe wa nne, na mama mkwe wa mjumbe wa tatu. Kila alipotaja jina mume mmoja alikohoa. Kabemba akaona ajenda inamkimbia, akagonga meza na kutangaza kwamba kazi ya kuonja imefungwa, hakuna jina jingine litakaloandikwa kwa sababu ya sufuria. Watu walishusha pumzi.

Odile akainama sikioni mwa mumewe.

"Basi futa na lile la Kabedi."

Barnabé alitazama orodha yake, ile ya kupelekwa kwa wakubwa. Ilikuwa imenyooka, safi, wino umekauka.

"Liste yenye kufutwa habaipokei, mama," alimjibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto. Naye alikuwa amekula bukari ya Kabedi tangu wiki ya tatu ya ndoa yake.

Baada ya siku nne Kabongo na familia yake walikuwa stesheni, pamoja na maelfu ya wengine, chini ya maturubai na mabati, wakisubiri treni ambayo ilikuja ilipotaka. Walisubiri wiki tano. Odile alikwenda kila siku na sufuria kichwani. Alikuwa na hasira, tena si na Kabemba. Kutoka kwa Kabemba hakuwa ametarajia kitu. Alimkasirikia Kabedi. Siku nyingi alimpa chakula bila kumtazama. Siku moja ikamshinda.

"Ju ya nini haukunyamaza, yaya? Neno moja tu. Ilikuwa imeisha."

Kabedi alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba. Alikuwa amekonda.

"Nyumba batwae," alisema. "Kazi ya Kabongo banatwaa. Friji, muke wa jirani alishaibeba mbele ya sisi kutoka mulango. Sawa. Sasa na bukari? Mi nitwange, mi nisonge, yeye akule, halafu aseme ni mukono wa mama yake, na mi niseme asante?"

Odile alitaka kumgombeza. Alicheka, kisha akalia, na Kabedi akamwambia aache kulia karibu na sufuria, atazidisha chumvi. Treni ilikuja Alhamisi. Kabongo, kabla ya kupanda, alitumia maneno yake mawili ya siku ile kusema, "Aksanti, Odile," na kuanzia hapo Odile hakuwaona tena.

Kabemba akahamia nyumba ya kona. Miezi ikapita, njaa ikabaki, na binti yake Abigaëlle akapata mchumba. Siku ya arusi hapakuwa na swali la nani apike. Ukitaka watu wasiseme vibaya unamwita Mama Odile. Aliitika bila kinyongo, akatwanga mihogo siku mbili, akasonga tangu alfajiri. Wageni walijaa barazani, wakwe mbele, mwenyekiti katikati na suti yake. Sufuria zikawekwa zimefunikwa. Padri alimaliza baraka, na mikono ilikuwa tayari njiani pale Odile aliposimama, akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya kutosha mpaka barabarani:

"Bukari hii ni ya Kabedi, muke wa Kabongo, wa nyumba hii."

Akafunua.

Mvuke ulipanda. Hakuna aliyesogea. Wakwe walimtazama Kabemba, Kabemba aliitazama bukari, na bukari ilikuwa laini, haina hata alama ya mwiko. Kisha mwenyekiti aliinamisha macho, akanyoosha mkono, akakata tonge la kwanza, na wengine wote wakafuata.

Odile hakuacha tena. Arusini, msibani, ubatizoni, kila alipopika alitaja jina lile kabla ya kufunua, kwa sauti ile ile, miaka na miaka, hata watoto waliozaliwa baadaye wakadhani ni sehemu ya sala. Watu wazima walijua. Kila mara waliinamisha macho, wakala, na sufuria ikarudi jikoni imekwanguliwa.